Chupa Saba za Tangi la Juu

12 Januari

Mpwa wangu,

Kuna jambo nimekuficha kwa miaka minne na nusu. Nimelificha vizuri, kama msomi anavyojua kuficha: sikusema uongo mwingi, nilisema mmoja tu kisha nikanyamaza. Nimeamua kukuandikia kabla sijafa, na daktari amenielewesha, kwa upole wa kuudhi, kwamba nisijipangie mambo ya mwakani.

Lakini kwanza salamu. Mkaza mjomba wako hajambo, anakusalimu sana, anauliza kama baridi ya huko bado inakupasua midomo. Binamu zako wazima. Mkubwa amehamia mtaa wa pili, mdogo amepata mtoto wa tatu, wa kike, ana sauti kama king'ora. Mimi nipo. Figo zimegoma na masikio yamefunga duka, ndiyo maana sikupigii simu. Ukinisemesha humo nasikia nzi ndani ya kopo. Ubavuni nimening'inizwa mfuko wa mkojo. Kila asubuhi mkaza mjomba wako anaumwaga huku amegeuza uso, na anadhani sioni. Miaka thelathini na minane nilipima maji ya watu wengine. Leo nina maji yangu mwenyewe kwenye mfuko, yananuka kama choo cha stendi.

Juma lililopita walikuja watu watatu wa idara ya maji, wamevaa tai. Mkurugenzi akakaa ukingoni mwa kitanda, akapaza sauti kama anahutubia uwanja, "Mzee Hadubini, tumeamua. Maabara mpya ya maji itapewa jina lako." Mkaza mjomba wako akalia kwa furaha. Mimi nikaomba beseni. Walidhani ni dawa zinanitapisha.

Nilitaka kuliandika jambo lenyewe papa hapa, lakini mkono umechoka. Niandikie kwanza, mkwe wangu anaendeleaje? Mnaelewana?

Mjomba wako


3 Februari

Mjomba wangu, shikamoo.

Barua yako ilifika jana, imekunjamana kama iliyokaliwa na mtu. Nimefurahi kuuona mwandiko wako, ingawa herufi zimeanza kulegea magoti. Mwambie mkaza mjomba midomo imepona, sasa ni zamu ya visigino. Huyo mtoto mwenye king'ora nimeshamfumia soksi.

Kuhusu hilo ulilonificha, usijitese. Nalijua. Ni wewe uliyemwandikia yule rafiki yako wa chuo, tukapata kazi huku mke na mume kwa mpigo, wakati hapo nyumbani hakuna aliyetaka kumwajiri mume wangu hata kufagia. Ulijifanya hujui kitu ili tusikushukuru. Basi leo nakushukuru kwa maandishi, na huna pa kukimbilia. Umenilea tangu nina miaka sita, siri zako ndogo ndogo nazijua zote.

Bado nipo kwenye nyumba ya wazee. Naosha kumi na wawili kila zamu, nabadilisha nepi, nasafisha vidonda vya mgongo, na kuna bibi mmoja kila nikimfuta ananiuliza kama mimi ni mama yake. Sioni kinyaa. Kinyaa nakiona nikirudi nyumbani.

Mkweo yuko kwenye mtambo wa majitaka. Anasimama mbele ya chujio la chuma na kukwangua kilichokwama: nywele, matambara, panya. Anaoga kazini, anaoga tena nyumbani, anajisugua mpaka anaiva. Harufu ilishamtoka. Mimi ndiye bado naisikia. Akinimiminia maji kwenye glasi nayaacha mezani mpaka aende zake, kisha namwaga.

Unajua kwa nini. Wiki ile mimi nilikuwa nimelazwa, naye alikaa kando ya kitanda changu siku nne bila kutoka. Nilimpenda kwa hilo kuliko nilivyowahi kumpenda. Kumbe chupa saba za sampuli za tangi la juu zimekwenda kupimwa zikiwa na saini yake, zimeandikwa zimechotwa Jumatatu ile ile, na majibu yametoka safi. Huku tangini anaelea paka aliyeoza. Watu sitini na wawili waliugua, watatu wakazikwa. Amenishika mkono wodini, Mjomba, akijua chupa zake zimejazwa maji ya popote. Na walipomuuliza kwenye kikao cha uchunguzi, akainamisha kichwa. Nikikumbuka, natamani kuuchuna ule mkono ngozi.

Sasa sikiliza. Mama mkuu wa maabara ya pale mtamboni amemwona anavyofanya kazi, akamuuliza maswali mawili matatu, akagundua huyu si mtu wa kukwangua. Anamtaka maabara. Anachohitaji ni barua ya mkuu wake wa zamani, ieleze kwa nini alifukuzwa, ifike kabla Juni haijaisha.

Nikamwambia, "Mwandikie mjomba."

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Mzee anaumwa. Muache apumzike."

"Barua ya mistari miwili itamuua?"

Akanitazama. "Inawezekana," akasema, akaenda kufua ovaroli.

Kwa hiyo naomba mimi. Andika tu kwamba alikosa mara moja, na kwamba nje ya hapo alikuwa mfanyakazi mzuri. Anwani ya huyo mama nimeiandika nyuma ya karatasi.

Mpwa wako


10 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Nisamehe kuchelewa. Nililazwa siku kumi na moja, wakanitoboa ubavu wa pili, sasa nina mifuko miwili na mizani imekaa sawa. Soksi zimefika, zinamfaa mtoto hadi magotini. Mkaza mjomba wako amegombana na muuguzi kwa sababu muuguzi aliniita "babu" badala ya "mzee". Nimemwambia babu ni cheo pia, akanijibu nikae kimya nife kwa utaratibu.

Wa idara wamerudi na mchoro wa jengo. Jina langu liko juu ya mlango, kwa herufi kubwa kuliko mlango wenyewe. Niliombwa nitie saini kwamba nimekubali. Nikasema kalamu imekauka.

Kuhusu shukrani zako, zichukue. Sizitaki. Ni kweli nilimwandikia rafiki yangu wa chuo, lakini haikuwa ukarimu. Nilitaka mwondoke. Baada ya kikao kile mlikuwa mnakuja kula kwetu kila Jumapili, unakumbuka, na mumeo alikuwa anakaa mkabala nami. Alinipakulia kabla ya kujipakulia. Aliniita mzee wangu. Nilikuwa nikimwangalia anavyotafuna, nikisukuma sahani yangu kando. Ndipo nikaanza kusifia nchi za watu mezani, mishahara yao, barabara zao, na fomu zenu nikazijaza kwa mkono wangu.

Barua unayoiomba siwezi kuiandika. Siwezi kuandika kwamba alikosa.

Na usimwage maji anayokumiminia.

Mjomba wako


29 Machi

Mjomba wangu, shikamoo.

Pole sana kwa mfuko wa pili. Mkaza mjomba mwambie nipo upande wake, babu ni wa mtaani. Huku barafu imeanza kuyeyuka na kila kilichofukiwa tangu Novemba kinajitokeza barabarani, mavi ya mbwa ya miezi mitano. Kumbe hata nchi safi hufunika tu.

Barua yako nimeisoma mara nne. Kwa hiyo na wewe ulikuwa unamwonea kinyaa. Miaka yote nilidhani ni mimi peke yangu mwenye roho mbaya. Na hutaki kuandika kwamba alikosa, kwa sababu ni mkweo na aibu yake ni aibu ya nyumba. Nimekuelewa, lakini umenikatili. Huyo mama wa maabara hatafuti malaika. Anatafuta ukweli ulioandikwa na mtu anayeheshimika, basi.

Jumamosi nilimkalisha chini. Hatujawahi kulizungumza tangu kikao. Nikamuuliza, "Zile chupa ulizichota tangini?"

"Sikuzichota."

"Ulizijaza wapi?"

"Sikuzijaza."

"Zilijijaza?"

Akawa anasukuma sukari kwa kijiko upande huu, anairudisha upande ule. Nikamwambia, "Mwenzangu, mimi naosha vinyesi vya watu wazima siku nzima na nakuja kula. Nitayameza na haya. Sema tu."

"Kunywa chai, inapoa," akasema.

Nimechoka, Mjomba. Mtu anayekana kosa lake miaka minne baadaye, hana hata ushujaa wa kulishika. Kwenye nyumba ya wazee kuna chumba cha wafanyakazi, ghorofa ya pili, kina kitanda kimoja na dirisha linaloangalia ukuta. Nimekiomba. Ninaingia tarehe mosi Julai. Yeye hajui bado. Nitamwambia siku ya kubeba sanduku.

Swali moja tu, nilale na amani. Kama kweli hakuzijaza yeye, ni nani? Wewe ulikuwa mkuu wao, unawajua. Nimemfikiria yule mtunza stoo wako, Mzee Kofia. Chupa zilikuwa zinakaa kwake.

Mpwa wako


2 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba. Sisi wazima, isipokuwa mimi. Naandika mistari mitano mitano na kulala katikati, kwa hiyo usishangae wino kubadilika.

Mzee Kofia alifariki mwaka jana, mwezi wa tisa. Nadhani hukupata habari. Alikuwa mtu mwema lakini alipenda njia za mkato, na chupa ni kweli zilikuwa kwake. Inawezekana ni yeye. Sisemi ni yeye. Nasema inawezekana. Kama ukiona inafaa, mwambie huyo mama wa maabara hivyo, kwamba marehemu fulani huenda alihusika, na mimi nitaandika kuthibitisha.

Chumba usikichukue kwa haraka.

Mjomba wako


21 Mei

Mjomba, shikamoo.

Sina habari za kukupa leo, wote wazima.

Barua yako nilimsomea mume wangu kwa sauti. Nilidhani atashukuru. Alikuwa anafunga kamba za buti, akaziacha. Tangu nimjue hajawahi kunipandishia sauti. Akasema, "Mzee Kofia hakuwahi kugusa chupa hata moja. Ana wajukuu pale mtaani, wanakwenda shule na jina lake. Mwandikie mjomba wako kwamba kazi ya maabara siitaki kwa bei ya mtu aliyekufa."

Nikamwambia, "Basi ni nani?"

Akasema, "Mimi niliahidi."

Akaenda kazini buti moja halijafungwa.

Mjomba, aliahidi kwa nani? Nimekaa na neno hilo siku tatu. Nikawa namwosha yule bibi anayeniita mama yake, sabuni ikaniponyoka, nikabaki nimesimama. Naomba usiniandikie habari za mifuko wala za idara. Niandikie nani alichota. Chumba kinanisubiri tarehe mosi Julai, na ama nitaingia humo ama sitaingia, lakini nataka nijue ninamkimbia nani.


9 Juni

Mpwa wangu,

Barua yangu ya Mei ni uchafu, ichane. Nimepima maji kwa miaka thelathini na minane, nimeona funza, nimeona mavi, nimeona kilichobaki cha paka yule baada ya siku kumi na tisa majini, na sijaona kitu kichafu kama ile karatasi niliyomwekea marehemu mzigo wangu.

Bahasha mbili nyingine zimetoka leo pamoja na hii. Moja imekwenda kwa yule mama wa maabara, nyingine kwa mkurugenzi wa idara. Zinasema yale yale nitakayokuambia hapa, ila kwa ufupi, na zina saini yangu kamili. Jina langu mlangoni wataamua wenyewe.

Mkaza mjomba wako nilimwambia jana mchana. Hakulia. Aliuliza kitu kimoja, "Na yule kijana alikuwa anajua, akaendelea kukuita mzee wangu?" Nikasema ndiyo. Akatoka, na hadi sasa hajaingia tena chumbani. Chakula ananiletea jirani, ananitilia kijiko mdomoni na kunisifu kwamba nimeishi maisha safi.

Jumatatu ile, saa moja na nusu asubuhi, mumeo alikuja ofisini kwangu. Shati lake lilikuwa na damu yako. Alisema mtoto anatoka, na miezi ni mitano tu, na wewe unamwita. Sikuwahi kulitaja jambo hili kwa sababu wewe hulitaji, unasema "nilikuwa nimelazwa", na mimi nikaona pazuri pa kujificha nyuma ya ukimya wako. Aliniomba ruhusa. Nikampa. Sikuandika popote, nilimpa kwa mdomo, kama ndugu. Akasema, "Mzee, na chupa za tangi la juu?" Nikamwambia, "Nenda kwa mkeo. Chupa niachie mimi."

Vibandiko vya chupa alikuwa ameshaviandika tangu Ijumaa, pamoja na saini na tarehe ya Jumatatu. Haukuwa ujanja wake. Mimi ndiye niliyewazoesha vijana wote kuandika kabla, ili asubuhi wasipoteze muda. Nilijisifu kwa utaratibu ule hadi kwenye mikutano. Kwa hiyo saini yake ilikuwa inasubiri chupa, yeye yuko wodini.

Ngazi ya tangi la juu ina vidato arobaini. Nilikuwa nimebakiza miezi mitatu kustaafu. Goti lilikuwa linauma, ila lisingenizuia kupanda, nisijipambe kwa goti. Nilikuwa mvivu na mkubwa. Nilifunga mlango wa ofisi kwa ndani, nikazijaza chupa zote saba kwenye sinki langu la kunawia mikono. Maji ya bomba lile yanatoka moja kwa moja kwenye mtambo wa kusafisha maji, hayapiti tangini. Nilizijaza nimekaa.

Watu walipoanza kuugua, na tangi likafunguliwa, na kikao kikaitishwa, nilimwita mumeo ndani ya gari langu. Alikuwa tayari kusema. Haki yake. Nikamwambia, "Mkeo amempoteza mtoto juzijuzi. Ukinitaja, atampoteza na mjomba aliyemlea. Atabaki na nini?"

Akafikiri, akasema, "Atabaki na mimi."

Nikamwambia, "Haitoshi."

Alikaa akiangalia mikono yake. Halafu akaahidi. Hakuomba kitu. Kesho yake mwenyekiti wa kikao aliniuliza, "Kijana huyu ulimpa ruhusa Jumatatu?" Huo ndio uongo wangu mmoja. Nikasema sikumpa. Aliinamisha kichwa, nawe ukiwa umekaa nyuma, bado umefungwa kitenge tumboni, ukamwona akiinamisha. Nilikuona unavyomwangalia. Nilishukuru, mpwa wangu. Nilishukuru kwamba unamwonea kinyaa yeye.

Kwa hiyo aliyekaa kando ya kitanda chako siku nne alikuwa na ruhusa ya kukaa, na hakujua kitu kuhusu chupa hadi waliposoma jina lake kwenye vibandiko. Alikuwa amekushika mkono tu. Ameubeba mzigo huu hadi nchi za watu, anakwangua panya kwenye chuma, na wewe unamwaga maji yake. Kuhusu chumba sina haki ya kukushauri. Nilitaka kuishia hapa. Nilishakunja karatasi, nikaikunjua.

Katika zile bahasha mbili nimeandika kwamba sikujua hali ya tangi. Nimeandika kwamba nilidhani maji ni mazuri kama wiki zote, na uvivu wangu haukuwa na nia mbaya. Nitaandika nyingine kesho kama mkono utakubali. Usipokubali, barua hii unayo, itumie. Ijumaa ile kabla ya Jumatatu, saa kumi kasorobo jioni, mlinzi wa tangi alikuja ofisini amevua kofia. Alisema upepo umeng'oa mfuniko wa tangi la juu tangu wiki iliyopita, na ameona kitu kinaelea ndani. Nikamwambia nimesikia, nikaendelea kumenya chungwa langu.

Mjomba wako